Furushi la DOS Likigoma: Dalili, Chanzo na Tiba

Disketi za zamani bado zipo Dar es Salaam. Zimo kwenye makabati ya ofisi za Posta na Kivukoni, kwenye maboksi ya viatu huko Upanga, kwenye stoo za shule na za makanisa. Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo kazi nyingi zilizoandikwa hapa kwa kompyuta binafsi ni za mwisho wa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990, zama hasa za DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kuandika amri. Disketi ya inchi 3.5 ilibeba megabaiti 1.44 tu, na modemu zilikwenda polepole, ndiyo maana watu walibana karibu kila kitu: mahesabu, barua, tafiti, orodha za wanachama. Faili moja lililobanwa likabeba mengine ndani yake ndilo ninaloliita furushi. Wengine walitumia ARC, wengine ZIP, LZH, ZOO au ARJ, kutegemea programu waliyopewa na rafiki.

Haya ni kwa yule aliyepewa rundo la namna hiyo na anataka kufanya mambo mawili: kuyageuza mafurushi yote yawe ya aina moja, na kutengeneza katalogi ya kilichomo. Zana za bure zinatosha. Zip na UnZip za Info-ZIP, LHA ya Haruyasu Yoshizaki (kwa LZH), ZOO ya Rahul Dhesi, UNARJ, UNRAR, na ARJ ya chanzo huria inayokuja pamoja na REARJ, kigeuzi cha mafurushi. Zote zinakwenda ndani ya FreeDOS, ambayo ni DOS ya bure, au DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS ndani ya mashine ya leo. Mimi nageuzia kwenye ZIP, maana ndiyo aina ambayo mtu yeyote ataweza kuifungua kesho bila kuuliza.

Jambo moja kwanza, na silegezi hapa: nakili disketi yote kwenye diski kuu, kisha ifungie ile ya asili isiandikwe tena, kwa kusogeza kile kidirisha cha kona. Unyevu wa pwani unaota ukungu juu ya utando wa disketi, na kila inapozunguka inaweza kuwa ndiyo mara ya mwisho kusomeka. Kazi yote iliyo hapa chini ifanywe kwenye nakala.

Programu inasema hili si furushi, na jina linasema ni furushi

Jina la faili si ushahidi. Watu walibadilisha viendelezi, zile herufi tatu za mwisho wa jina, ili kuficha mambo, au mfumo wa ofisi ulitaka kila kitu kiishie na DAT. Kinachosema kweli ni baiti za mwanzo. DOS yenyewe inakuja na kifaa cha kuzitazama:

DEBUG FAILI.DAT

Ukipata kile kistari, bonyeza D kisha Enter, utaona baiti 128 za kwanza kuanzia anwani 0100. Q inakutoa. Ukiona 50 4B 03 04, na pembeni herufi PK, hiyo ni ZIP. 60 EA ni ARJ. Maandishi -lh1- au -lh5- kuanzia baiti ya tatu ni LZH. Neno ZOO mwanzoni linajieleza, vivyo hivyo Rar! na alama yake ya mshangao. 1F 8B ni gzip iliyotoka kwenye Unix. Na 1A pweke mwanzoni, ikifuatiwa na namba ndogo na jina la faili linalosomeka, ni ARC au ndugu yake PAK.

Hiyo 1A ya ARC inaeleza jambo linalowatisha wengi: unapiga TYPE juu ya faili, skrini inabaki tupu, unadhani halina kitu. Kwa DOS, 1A ni alama ya mwisho wa maandishi, basi TYPE inakoma kabla haijaanza. Tazama ukubwa kwa DIR. Kama kuna baiti, kuna kitu.

Faili likiwa na kiendelezi EXE, usilifungue moja kwa moja ndani ya DEBUG, kwa sababu DEBUG hulipakia kama programu na kuficha kichwa chake. Tengeneza nakala yenye kiendelezi BIN kwanza. Ukikuta MZ mwanzoni, linaweza kuwa programu ya kawaida au furushi linalojifungua lenyewe. Jaribu UNZIP -l juu yake. UnZip huanza kusoma kutoka mwishoni, hivyo kama ndani kuna ZIP itaiona bila kuiendesha ile EXE. Na kwa kweli usiendeshe EXE ya disketi ngeni ili tu ujue kilichomo. Virusi vya DOS havijafa kwa uzee.

Kuna kundi jingine linalotupwa bila sababu. Mafaili yenye jina la tarakimu nane za heksadesimali na viendelezi kama MO0, TU1, WE2, TH4 au SA0. Hayo si takataka. Ni mabunda ya barua za mtandao wa Fido, ambao teknolojia yake ndiyo iliyobeba barua pepe nyingi za kwanza za Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Herufi mbili ni siku ya wiki, Jumatatu, Jumanne na kuendelea, na ndani kuna mafaili ya PKT yaliyobanwa kwa ARC au ZIP. Yapime kwa DEBUG kama mengine. Ukiyakuta kwenye disketi za taasisi ya afya au chuo, yatunze kuliko kitu kingine chochote kwenye rundo hilo.

ZIP ni ZIP kweli, lakini baadhi ya mafaili hayafunguki

Hapa tatizo ni umri. Phil Katz alitoa PKZIP mwaka 1989, baada ya ugomvi wa mahakamani na kampuni ya SEA iliyokuwa na ARC. Toleo la 1.10 lilibana kwa njia zilizoitwa Shrink na Implode. Mwaka 1993 likaja 2.04g na njia ya Deflate, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo. PKUNZIP 1.10 ikikutana na Deflate inakiri haijui la kufanya na faili hilo, inaruka. Kinyume chake pia hutokea: programu mpya kadhaa, ikiwemo maktaba ya zip iliyomo ndani ya Python, hazina Implode kabisa.

Tazama baiti iliyo kwenye 0108 ndani ya DEBUG. 08 ni Deflate, 06 ni Implode, 00 ni faili lililowekwa bila kubanwa. UnZip ya Info-ZIP inazifungua zote hizi, kwa hiyo tiba ni kuifanya yenyewe kuwa ya kwanza kwenye PATH (orodha ya folda ambamo DOS hutafuta programu), isije ile PKUNZIP ya zamani iliyojificha kwenye C:\DOS ikaitwa na programu ya kugeuza bila wewe kujua.

“End-of-central-directory signature not found”

ZIP huweka orodha ya mafaili yake mwishoni. Ujumbe huu wa UnZip maana yake mwisho haupo: upakuaji ulikatika, umeme ulizimika katikati ya kunakili, au umeshika disketi ya kwanza kati ya tatu. Linganisha ukubwa na ulioandikwa kwenye lebo au kwenye orodha ya zamani, kama ipo. Tafuta disketi za pili na tatu kabla ya kugusa zana ya kukarabati.

Kama kweli mwisho umepotea, mafaili yaliyotangulia bado yana vichwa vyake binafsi ndani. PKZIPFIX hujenga orodha upya na kuandika matokeo kwenye PKFIXED.ZIP. Zip 3.0 ya Info-ZIP hufanya hivyo kwa:

ZIP -FF MBAYA.ZIP --out NZURI.ZIP

Utapata yaliyokuwa mazima. Faili la mwisho, lililokatwa, kwa kawaida ndilo linalopotea.

Ikiwa mwisho upo lakini majaribio ya CRC (namba ya kuhakiki kila faili) yanashindwa kwenye karibu kila faili, shaka namna furushi lilivyosafirishwa. FTP, njia ya kuhamisha mafaili kwa mtandao, iliyoachwa kwenye hali ya maandishi hubadilisha alama za mwisho wa mstari ndani ya data, na uharibifu husambaa kote. Hakuna zana ya kurudisha hilo kwa uhakika. Rudi kwenye chanzo, ulichukue upya kwa hali ya bainari. CRC ikishindwa kwenye faili moja au mawili tu, hilo ni eneo bovu la disketi: jaribu kuisoma kwa draivu nyingine. Vichwa vya draivu havilingani sawasawa, na disketi iliyogoma kwenye draivu ya USB mara nyingi husomeka kwenye draivu ya kompyuta kuukuu ya mezani. Ukienda Kariakoo kutafuta vifaa vilivyotumika, omba kuijaribu draivu pale pale dukani kabla ya kulipa, ukiwa na disketi yako ya majaribio isiyo na thamani.

Umeunganisha vipande, na kitu kilichotoka ni kidogo kuliko kipande kimoja

Ulipiga COPY A.001+A.002 A.ZIP. Unapounganisha kwa alama ya kujumlisha, COPY huchukulia kwamba ni maandishi, na hukoma kwenye 1A ya kwanza ya kila kipande. Ndani ya data iliyobanwa 1A iko kila mahali. Andika:

COPY /B A.001+A.002 A.ZIP

Jumla ya ukubwa lazima ilingane baiti kwa baiti.

Baada ya kugeuza, mafaili yamepungua

Hili ndilo kosa baya kupita yote, kwa sababu halitoi kelele. Programu inamaliza, inasema sawa, unafuta furushi la zamani, na miezi baadaye mtu anauliza barua ya tawi la Temeke iko wapi.

Chanzo cha kwanza ni folda. LHA, ARJ na UNARJ zina amri mbili za kufungua: e hutoa mafaili yote mahali pamoja bila kujali folda zake, x huzijenga folda upya. PKUNZIP nayo haijengi folda mpaka uipe -d. Furushi lenye BARUA.TXT ndani ya ILALA, nyingine ndani ya TEMEKE, na nyingine ndani ya KINONDONI, likifunguliwa kwa e linabakiwa na BARUA.TXT moja. Programu nyingi za kugeuza huita zana hizi kwa nyuma na kujibu ndiyo kwa kila swali la kuandika juu ya faili lililopo. Fungua faili la mipangilio la programu yako, kwa REARJ ni REARJ.CFG, uone amri inayoitwa kwa kila aina. Palipo na e weka x, na upande wa kubana hakikisha folda zinaingia: ZIP -r, au PKZIP -rP.

Chanzo cha pili ni majina. Furushi lililotengenezwa kwenye kompyuta ya karibuni lina majina marefu, DOS inakubali herufi nane na tatu. Mahesabu-Januari.xls na Mahesabu-Februari.xls yote mawili yanakuwa MAHESABU.XLS. UnZip itakuuliza kama iandike juu ya lililopo, lakini ukiwa umeiambia -o haiulizi. Kwa mafurushi ya namna hii pakia DOSLFN, inayoipa DOS majina marefu, ndani ya FreeDOS na utumie UnZip ya biti 32, au tumia DOSBox-X ukiwa umeiweka ver=7.1. Au usiyapeleke DOS kabisa. Yaliyozaliwa na majina marefu yashughulikiwe kwenye mfumo wenye majina marefu.

Chanzo cha tatu ni hati ya BAT (faili la amri zinazofuatana) isiyosikiliza majibu. Kila zana inapomaliza huacha namba, na UnZip ni mwaminifu sana kwa hilo: 0 ni salama, 1 ni onyo, 50 diski imejaa, 51 furushi limekatika, 81 njia ya kubana haijulikani, 82 nenosiri si sahihi. IF ERRORLEVEL maana yake ni “namba hii au zaidi”, hivyo anza na kubwa:

UNZIP %1 -d D:\KAZI
IF ERRORLEVEL 82 GOTO SIRI
IF ERRORLEVEL 81 GOTO NJIA
IF ERRORLEVEL 51 GOTO KATIKA
IF ERRORLEVEL 50 GOTO NAFASI
IF ERRORLEVEL 2 GOTO KOSA
IF ERRORLEVEL 1 GOTO ONYO

Ukianza na 1, kila tatizo litaitwa onyo.

Kipimo cha mwisho ni hesabu. Orodhesha furushi la zamani, chukua idadi ya mafaili na jumla ya baiti zake kabla ya kubanwa, fanya hivyo kwa jipya. Zote mbili zilingane. REARJ imejengwa juu ya wazo hilohilo, na ndiyo sababu naiamini kuliko vigeuzi vingi vya kupendeza macho. Hata zikilingana, elewa kwamba kuna vitu havivuki: maelezo yaliyoandikwa juu ya furushi, na mihuri ya uthibitisho ya PKZIP na ARJ. Furushi lenye muhuri wa aina hiyo lihifadhiwe lilivyo, hata kama umetengeneza jipya pembeni.

Diski imejaa, na DIR inaonyesha nafasi tele

Angalia kwanza kama unafungulia kwenye mzizi wa diski, yaani nje ya folda zote. Kwenye FAT16, mpango wa DOS wa kugawa diski, mzizi wa diski kuu hubeba majina 512 tu, na wa disketi ya 1.44 hubeba 224. Ukifika hapo hakuna faili jipya linaloingia hata kama nusu ya diski iko wazi. Tengeneza folda, fungulia humo.

Kisha hesabu vipande vya FAT16. Sehemu ya diski yenye ukubwa kati ya gigabaiti 1 na 2 hugawanywa kwa vipande vya kilobaiti 32, na faili la kilobaiti 1 linachukua kipande kizima. Barua 2,000 za kilobaiti moja moja, ambazo kwa hesabu ya kawaida ni megabaiti 2, zitakula zaidi ya 60. Mgeuzaji anahitaji nafasi ya furushi la zamani, ya mafaili yaliyofunguliwa, na ya furushi jipya, yote kwa wakati mmoja. Sehemu ndogo ya diski, ya kati ya megabaiti 16 na 127, yenye vipande vya kilobaiti 2, ni mahali bora pa kufanyia kazi. Elekeza TEMP huko, na hakikisha folda hiyo ipo kweli. Zip huelekezwa kwa -b.

Kwa DOSBox, nafasi unayoonyeshwa ni ya kubuni: ukipachika folda bila kusema chochote huonekana kama megabaiti 250 hivi. Ongeza -freesize kwenye amri ya MOUNT. Na mafaili uliyoyaweka kutoka nje yasipoonekana, piga RESCAN.

Programu ya katalogi inakufa mara tu inapoanza

“Runtime error 200” si ugonjwa wa mafurushi yako. Programu nyingi za katalogi za miaka hiyo ziliandikwa kwa Turbo Pascal, na sehemu yake iitwayo CRT hupima kasi ya kompyuta inapoanza. Kwenye kichakato cha kasi, hesabu ya kugawanya inafurika na programu inaanguka. Ndani ya DOSBox punguza cycles, yaani kasi yake. Kwenye mashine halisi kuna TPPATCH ya kurekebisha EXE, lakini EXE ikiwa imebanwa kwa PKLITE au LZEXE, ifungue kwanza kwa UNP.

Ikiwa unajaribu kuiendesha ndani ya Windows ya biti 64, haitakwenda hata kidogo. Windows hizo hazina mahali pa programu za biti 16. Tumia DOSBox.

“Program too big to fit in memory” inatokea pale mgeuzaji anapoita zana ya pili akiwa yeye mwenyewe amekalia kilobaiti nyingi za zile 640. MEM /C itakuonyesha nani anakula. Ondoa madereva usiyoyahitaji, hasa ya CD na mtandao. “Load error: no DPMI” ni rahisi zaidi: weka CWSDPMI.EXE kwenye folda moja na zana yako.

Katalogi ni tupu, au ina furushi moja tu

Tupu kabisa: programu huandika moja kwa moja kwenye skrini, kwa hiyo > haikamati chochote. Tumia UNZIP -l au -v, ambazo hupita njia halali. Ina furushi la mwisho tu: uliandika > mahali pa >>. Ina furushi la kwanza tu: ndani ya FOR uliita BAT nyingine bila CALL, na DOS ikienda huko hairudi. Na kumbuka ndani ya BAT ni %%A, kwenye mstari wa amri ni %A.

Mzunguko usioisha nao upo. Ukigeuza *.ZIP na kuandika ZIP mpya kwenye folda ileile, FOR inaweza kuziokota mpya kama kazi mpya. Andikia kwingine.

Katalogi nzuri huchukua pia FILE_ID.DIZ pale ilipo, yale maelezo ya mistari kumi ya herufi 45 ambayo waandishi wa programu waliyaweka ndani:

UNZIP -p %1 FILE_ID.DIZ >> MAELEZO.TXT

Vijisanduku na mistari vikigeuka herufi za ajabu kwenye simu au kompyuta mpya, faili limesomwa bila kuambiwa kwamba ni la ukurasa wa herufi 437. Maneno ya Kiswahili hayaathiriki, maana a hadi z ziko palepale. Wewe unapoongeza maelezo yako, ng'ombe na ng'ambo ziandikwe kwa alama iliyonyooka, si ile iliyopinda ambayo simu huiweka yenyewe.

Tarehe ni sahihi, saa imerudi nyuma

Saa za DOS hazina eneo. Lakini ZIP zilizotengenezwa kwenye Linux au Mac huweka pia saa ya UTC pembeni, na UnZip huitumia ikiwa TZ, mpangilio wa eneo la saa, umewekwa. Dar es Salaam iko saa tatu mbele, na watu huandika EAT+3. Kwa kanuni ya TZ, mashariki ni kutoa. Faili la saa sita mchana linafunguka likiwa la saa kumi na mbili asubuhi, saa sita kamili nyuma. Weka kwenye AUTOEXEC.BAT:

SET TZ=EAT-3

Kisha fungua upya kutoka kwenye furushi la asili. Saa iliyo ndani yake haikuguswa, ni yale mafaili uliyoyatoa ndiyo yaliyopigwa muhuri mbaya, na kama ulishayabana tena, ile ZIP mpya itengenezwe upya pia.